Hodi Isiyongoja Karibu

Wanafunzi wa kompyuta wana kauli moja wanayoirudia sana, na sisi wa lugha tumeipokea bila kuihoji: programu huria ni salama kwa sababu msimbo wake uko wazi. Mwenye kutumia Windows, wanasema, ni mpangaji katika nyumba ya watu. Mwenye kutumia Linux yuko kwake. Ukiwauliza kama kompyuta ya huyo aliye kwake inaweza kutuma habari zake nje, watakucheka. Itumeje, na kila mtu anaona ndani?

Katika insha hii naipinga kauli hiyo. Programu huria zenyewe sizipingi. Hata maneno haya nayaandika kwa LibreOffice. Ninachopinga ni uvivu wa kudhani kwamba kitu kikishakuwa wazi basi kimeshakuwa cha haki. Uwazi wa msimbo ni jambo moja, faragha ya mtumiaji ni jambo jingine, na kati ya mawili hayo kuna swali ambalo hapa kwetu halijaulizwa ipasavyo: ni nani aliyebonyeza "Nakubali"?

Kwanza tuelewane kwa maneno. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoamka kabla ya nyingine zote unapowasha kompyuta au simu, kisha ikazitawala. Unachoandika, unachofungua, mahali ulipo, uliyempigia jana usiku, vyote vinapita mikononi mwake. Mfumo huo ukiamua kusema nje, huna siri iliyobaki. Mfumo endeshi huria ni ule ambao msimbo wake, yaani maandishi ya mtunzi wa programu, umetolewa hadharani ili yeyote ausome, aubadilishe na augawe. Lakini zingatieni jambo hili: leseni huria inampa mtu haki juu ya msimbo tu. Juu ya data ya mtumiaji haisemi kitu. Kampuni inaweza kutimiza masharti yote ya leseni, herufi kwa herufi, huku programu yake ikipeleka nje kila neno unalotafuta. Hilo si la kubuni, limekwisha kutokea.

Limetokea katika mfumo ambao hata jina lake ni letu. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, kupitia kampuni yake ya Canonical, alitoa mfumo endeshi akauita Ubuntu. Mrundi hahitaji kamusi kulielewa neno hilo. Ndani yake mna utu na ukarimu, na mtu akikupa kitu "ku buntu" amekupa bure. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, kampuni hiyo ilituma kwa posta sidii za mfumo wake bila malipo kwa waliouomba, popote walipokuwa. Tuseme ukweli, huo ulikuwa ubuntu.

Kisha likaja toleo la 12.10, Oktoba 2012. Mtu alipoandika neno katika kisanduku cha kutafutia, hata akiwa anatafuta faili lake mwenyewe ndani ya mashine yake mwenyewe, neno lile lilisafiri hadi kwenye seva za Canonical, na majibu yakarudi yakiwa yamechanganyika na bidhaa za kununua kutoka Amazon. Huduma hiyo ilikuwa imewashwa tangu mwanzo. Asiyeitaka ndiye aliyetakiwa kuitafuta na kuizima. Desemba ya mwaka huo Richard Stallman, mtu aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983 na ambaye harakati zote za programu huria zinamtaja kama mwasisi, alisema waziwazi kwamba Ubuntu imegeuka programu ya kijasusi. Shuttleworth alijitetea kwamba watumiaji wameshaiamini kampuni yake na mashine nzima, kwa hiyo hili la kutafuta ni dogo. Utafutaji huo wa mtandaoni ulikuja kuzimwa tangu mwanzo katika toleo la 16.04, Aprili 2016.

Tupige hesabu. Msimbo ulikuwa wazi. Tatizo lilionekana mapema, hata kabla ya toleo lile kutoka rasmi. Wataalamu walipiga kelele, na mwasisi wa harakati akapiga kelele. Bado ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Uwazi uliwasaidia watu kuuona moshi, lakini kuona moshi si kuzima moto.

Kuna jambo la pili ambalo wenzetu wa kompyuta hulipita haraka. Msimbo ulio wazi ni ule ulio kwenye mashine yako. Nusu ya pili ya safari, yaani seva inayopokea, haiko kwako na huioni. Unaweza kusoma msimbo ukajua kwamba neno lako limeondoka, lakini huwezi kusoma popote ukajua limehifadhiwa siku ngapi, limeunganishwa na nini, au ameuziwa nani. Upande wetu ukuta ni wa kioo, upande wao ni wa tofali. Kuita hali hiyo "uwazi" ni kulionea neno.

Na huo msimbo wenyewe, nani ausome? Kiini cha Linux peke yake kina zaidi ya mistari milioni 20. Nawaheshimu walimu wetu wote, lakini mtu anaponiambia kwamba muuza ndagala wa Ruziba analindwa kwa sababu "yeyote anaweza kusoma msimbo", ananiambia kitu cha namna moja na kusema kwamba mgonjwa asiyejua kusoma analindwa kwa sababu karatasi ya maelezo imo ndani ya boksi la dawa.

Canonical walirudi Aprili 2018, katika toleo la 18.04, wakiwa na adabu zaidi. Safari hii mfumo uliuliza: uko radhi kututumia maelezo ya mashine yako, kama aina ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu na ukubwa wa skrini? Jina halikutajwa, na mtu aliweza kuyaona maelezo kabla hayajaondoka. Yote hayo ni mema, ila jibu la ndiyo lilikuwa limeshachaguliwa. Miezi michache baadaye ikatangazwa kwamba asilimia 67 ya watumiaji wamekubali, na watu wengi wakaisoma namba hiyo kama ushahidi wa kuaminiwa. Mimi naisoma kutoka upande wa pili. Ndiyo ilikuwa imekwisha kuwekwa mbele yao, kazi yao ilikuwa kuendelea tu, na hata hivyo thuluthi moja walisimama wakakataa. Je, ingewekwa hapana, asilimia 67 hiyo ingebaki ngapi?

Debian, mfumo ambao Ubuntu ilizaliwa kutokana nao, unatupa kipimo. Nao una programu ya kuhesabu ni vifurushi vipi watu wanavitumia, nao humuuliza mtu anapousakinisha. Tofauti ni moja: jibu linalomngoja pale ni hapana. Ukipita bila kusoma, hakuna kinachoondoka. Mwaka 2023 watu wa Fedora nao waliletewa pendekezo la kukusanya data za matumizi. Ubishi ukawa mkali, na pendekezo likarekebishwa ili mtumiaji achague mwenyewe. Mifumo hii yote ni huria. Iliyomo ndani yake ni maamuzi tofauti, na maamuzi hayo hayakufanywa na leseni, yamefanywa na watu.

Lakini wengi wetu hatuna Ubuntu wala Debian. Tuna simu. Na hapa wengine watashangaa kusikia kwamba simu ya Android nayo ni mtoto wa programu huria: kiini chake ni Linux, na msingi wake umetolewa hadharani. Juu ya msingi huo Google huweka huduma zake zilizofungwa, mtengenezaji wa simu huweka zake, na wengine wanaolipia nafasi huweka zao. Machi 2021 Douglas Leith, profesa wa Trinity College mjini Dublin, alitoa utafiti wake juu ya simu iliyolazwa mezani bila kutumiwa, ambayo mwenyewe amekataa yote yanayokatalika. Aliona kwamba kwa wastani iliwasiliana na Google kila dakika 4 na nusu. Google walipinga namna alivyopima. Oktoba ya mwaka huohuo yeye na wenzake, akiwemo mtafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, wakapima simu za Samsung, Xiaomi, Huawei na Realme. Zote zilikuwa zikituma data nyingi kwa mtengenezaji na kwa kampuni nyingine ambazo programu zake zilikuwemo tangu kiwandani. Katika mifumo waliyoipima, mmoja ulikuwa karibu kimya kabisa: /e/OS, ambao nao umejengwa juu ya msingi uleule wa Android.

Naomba wasomaji wasilipite hilo upesi, maana ndio ushahidi wa hoja yangu. Msingi ni mmoja, msimbo wa msingi uko wazi kwa wote, lakini simu moja inasema usiku kucha na nyingine imenyamaza. Kama uwazi wa msingi ungekuwa ndio ulinzi, zote zingenyamaza. Kama teknolojia ya simu ingekuwa inalazimisha umbea, zote zingesema. Kwa hiyo anayesema "simu ndivyo zilivyo" anatudanganya sawa na anayesema "huria ni salama". Zilivyo ni zilivyoamuliwa.

Na kwetu maamuzi hayo yameshakuja na madhara ya mfukoni, si ya nadharia. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikuwa na programu hasidi zilizoingizwa kabla hazijafika dukani. Programu hizo ziliwaandikisha wenye simu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua, na kuwalia mega zao. Upstream walihesabu majaribio milioni 19.2 ya namna hiyo tangu Machi 2019, kutoka kwenye simu zaidi ya 200,000. Transsion, wenye chapa ya Tecno, walisema mchafuzi ni mmoja wa wale walioshiriki katika mnyororo wa ugavi. Huenda. Ila mnunuzi hakununua kutoka kwa mnyororo, alinunua simu.

Sasa tushuke Ruziba. Ninaishi hapa, kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara iendayo Rumonge, ziwa likiwa upande mmoja na milima upande wa pili. Hapa simu mpya haifunguliwi na mwenyewe. Mama anayeuza ndagala sokoni hununua simu kwa akiba ya miezi. Kijana wa dukani hufungua boksi, hutia kadi, huchagua Kifaransa, hubonyeza "J'accepte" mara tano au sita upesi kuliko jicho linavyoweza kufuata, humtengenezea anwani ya barua pepe na nywila ambayo mama hataikumbuka, humwekea WhatsApp, humkabidhi. Swali pekee ambalo mama ameulizwa ni kama anataka na kava. Kijana hana nia mbaya, anafanya huduma, na mama anamshukuru. Lakini kisheria na kimaadili ni nani aliyekubali? Kijana amekubali mambo asiyoyasoma, kwa niaba ya mtu asiyeulizwa, juu ya data ambazo si zake.

Simu ile haitaishia hapo. Mchana itapigiwa na dada, jioni mtoto ataitumia kwa masomo, mwakani itauzwa kwa jirani au kwa fundi. Kila mmoja wao atakuwa chini ya "Nakubali" ileile ya siku ya kwanza. Kompyuta nazo ni hivyohivyo. Katika maabara ya shule fundi mmoja husakinisha mfumo siku moja, hupita kwenye ukurasa wa ripoti kwa kubonyeza "Endelea", na kuanzia siku hiyo wanafunzi arobaini kwa zamu wamekubali.

Nadharia nzima ya ridhaa, kama inavyoandikwa na watengenezaji wa mifumo hii, imejengwa juu ya picha ya mtu mmoja mwenye mashine moja, chumba kimoja, umeme usiokatika, lugha anayoisoma bila taabu, na nusu saa ya kukaa na masharti. Mtu huyo sijamwona Ruziba. Kwa hiyo hapa, jibu lililowekwa tangu mwanzo si pendekezo tu, ndiyo sheria yenyewe. Kinachowashwa kiwandani kitabaki kimewashwa mpaka simu ife.

Najua nitajibiwa, na majibu matatu yanastahili kupewa nafasi.

La kwanza: asiyetaka azime. Hili ni jibu la mtu anayejua kitufe kilipo. Lakini mzigo wa kuzima hauwezi kuwekwa juu ya mtu ambaye hakuambiwa kwamba kuna kilichowashwa. Mila zetu zinajua hili vizuri kuliko vitabu vya kompyuta. Mgeni anapofika nyumbani kwa mtu hupiga hodi, na hungoja. Akiitikiwa "karibu", huingia. Akipiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu bila jibu, hurudi alikotoka. Hakuna mtu katika ulimwengu wa Waswahili anayesema, "Nilipiga hodi, wakanyamaza, basi nikaingia na kupekua kabati." Kunyamaza si kukaribisha. Tena hodi hujibiwa na mwenye nyumba. Ikijibiwa na mpita njia aliyesimama barazani, mgeni mwenye adabu bado hungoja. Mifumo hii tunayoambiwa ni ya utu inapiga hodi huku mguu umeshavuka kizingiti, na jibu inalipokea kwa kijana wa dukani.

La pili: sina cha kuficha. Wanaosema hivi ni wengi, na kwa kawaida hawajawahi kuandikwa kwenye orodha mbaya. Katika nchi za Maziwa Makuu hatuna haki ya kulisema hili kwa wepesi. Utawala wa Kibelgiji ulipoandika kabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda miaka ya 1930, lilionekana jambo la karani, mstari mmoja kwenye karatasi. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, mstari huo ndio uliosomwa. Na hapa Burundi, wazee waliokuwa wanafunzi mwaka 1972 hawahitaji kuelezwa maana ya mtu kuingia darasani na orodha ya majina. Sisemi kwamba ripoti ya ukubwa wa skrini ni orodha ya kuua. Nasema kwamba historia yetu imetufundisha kanuni ambayo wengine wanaisoma vitabuni: anayekusanya leo si lazima awe ndiye atakayetumia kesho, na aliyeandikwa hana uwezo wa kujifuta. Mahali ulipolala, uliowapigia, uliyoyatafuta usiku, namba ileile iliyobeba na fedha zako za Lumicash: hivyo si vitu vya mtu mwenye kosa, ni vitu vya mtu mwenye maisha.

La tatu ndilo zito, na nitalipa heshima yake. Wanasema watengenezaji wa programu huria hawana fedha za kufanya uchunguzi kama kampuni kubwa, kwa hiyo wasipopata takwimu hawatajua watu wanatumia nini. Tena wanaongeza: ninyi wa Afrika ndio mtakaoumia, kwa sababu mashine zenu za zamani hazitahesabiwa. Kuna ukweli hapa. Mwaka 2017 Canonical waliacha kutoa sidii ya kawaida ya Ubuntu kwa kompyuta za biti 32, na kompyuta za aina hiyo kwetu zilikuwa bado zinafanya kazi. Mtu anaweza kusema: laiti zingehesabiwa.

Lakini tazameni namna hesabu hiyo inavyofanyika. Ili uhesabiwe, mashine yako lazima iwe mtandaoni. Mashine kuukuu ya shule isiyo na intaneti, inayopokea programu kwa fleshi, haitatuma ripoti yoyote hata ikubali mara mia. Mwenye kununua mega za siku moja huzima data mara anapomaliza alichokusudia. Kwa hiyo njia hii inawahesabu wenye muunganiko wa kudumu na inawaacha walewale inaodai kuwatetea. Zaidi ya hayo, ripoti husafiri kwa gharama ya nani? Huko ambako intaneti hulipwa kwa mwezi bila kipimo, megabaiti moja si kitu. Hapa tunainunua. Leith alipima kwamba simu ya Android iliyolala hutuma Google takribani megabaiti moja kila saa 12. Ni kidogo, lakini ni kidogo cha mtu aliyekilipia kwa faranga zake bila kuulizwa. Anayetaka takwimu zetu kweli aje azitafute kama watafiti wengine wanavyozitafuta: aulize, aeleze, ashukuru. Debian wameonyesha kwamba inawezekana kuhesabu waliokubali peke yao na mfumo ukaendelea kuishi.

Sheria ziko wapi? Majirani wamekwisha kutunga zao: Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Sheria ya Kenya inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari na ya mtu aliyeelezwa. Katiba yetu ya 2018 nayo inakataza kuingilia maisha ya mtu binafsi kiholela. Lakini sheria haikai ndani ya boksi la simu. Ridhaa ya "mtu aliyeelezwa" inahitaji maelezo, na maelezo yanahitaji lugha. Hapa ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi tena kusema kwamba hayo ni mambo ya kitivo kingine.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili wakaiita Jambo OpenOffice. Waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa huria: hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Huo ndio uzuri halisi wa programu huria, na ndio sababu sitamwambia mtu arudi Windows, ambako katika toleo la nyumbani la Windows 10 huwezi hata kuzima kabisa data zinazotumwa kwa kampuni. Mfumo huria unaweza kukosea kama mwingine wowote, lakini una mlango wa kuurekebisha. Tatizo ni kwamba tumeutumia mlango huo kutafsiri menyu na kuiacha kurasa ya masharti ilivyo. Tumetafsiri "Fungua", "Hifadhi" na "Chapisha". Swali lenyewe, lile linaloamua kama maisha ya mtu yataondoka kwenye simu yake, bado linamfikia mama wa Ruziba kwa Kifaransa cha wanasheria.

Kwa hiyo natoa madai manne, na kila moja lina mtu wake.

Kwa watengenezaji wa mifumo huria: jibu la mwanzo liwe hapana, kila mahali, bila tiki iliyotangulia. Kama hamwezi kupata takwimu bila kumvizia mtu, basi takwimu hizo si zenu.

Kwa mafundi na vijana wa maduka ya simu: mwachieni mwenye simu ukurasa wa masharti. Kama hawezi kusoma, msomeeni maneno mawili, na kama hakuna muda, bonyezeni hapana. Hapana inaweza kubadilishwa kesho. Kilichokwisha kuondoka hakirudi.

Kwa walimu wetu na wasimamizi wa maabara: mnaposakinisha Linux, na heri msakinishe, zimeni ripoti zote, kisha bandikeni ukutani karatasi inayosema ni nini kimezimwa na kwa nini. Mwanafunzi atajifunza faragha kwenye karatasi hiyo kuliko katika mihadhara mitatu.

Kwa wanafunzi wenzangu wa Kiswahili: kazi yetu ni sentensi. Tuandike swali la ridhaa ambalo mtu anaweza kulielewa akiwa amesimama dukani, jua kali, mtoto mgongoni. Mimi ningeanza hivi: "Simu hii inataka kumwambia aliyeitengeneza uko wapi na unafanya nini. Itatumia mega zako. Ukikataa, simu itafanya kazi vilevile. Unakubali?" Maneno hayo hayahitaji mwanasheria. Yanahitaji mtu anayejua lugha na anayemheshimu msomaji. Mifumo iko wazi, tunaweza kuipelekea. Wakiikataa sentensi hiyo kwa sababu watu wengi watajibu hapana, basi tutakuwa tumejua kwamba walichokuwa wakikiita ridhaa kilikuwa ni ukimya wetu.

Neno ubuntu tuliwapa dunia ku buntu, na hatudai malipo. Tunadai maana yake. Mtu mwenye utu hupiga hodi kwa lugha ya mwenyeji, hungoja, na asipoitikiwa hurudi.